Chuma: Kutoka gogo la utumwa hadi kiongozi wa misafara

Mwanafunzi yeyote aliyesoma historia ya Afrika Mashariki amewahi kukutana na majina mawili yanayotajwa pamoja kama mapacha: Susi na Chuma. Hutajwa kwa jambo moja, kwamba waliubeba mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone kutoka Ilala, katika Zambia ya leo, hadi pwani ya Bagamoyo. Baada ya hapo mwalimu hufunga kitabu na kengele hulia.

Mimi ni mwalimu, na somo hilo nimelifundisha mara nyingi. Leo naomba, ndugu msomaji, unipe nafasi nimtenge Chuma na pacha wake, nieleze maisha yake tangu mwanzo hadi mwisho. Sababu ninayo. Chuma alitolewa kwao akiwa mtoto, akasomea ugenini, kisha akarudi Afrika akiwa kijana. Watu wa aina hiyo ni wengi katika nchi zetu za Maziwa Makuu, nami ni mmoja wao.

Kwetu ni Pweto, ncha ya kaskazini ya Ziwa Mweru, upande wa Kongo. Vita vilipoufikia mji huo Desemba 2000, nilikuwa na umri wa miaka 15. Maelfu yetu tulivuka mpaka kuingia Zambia, na masomo yangu ya sekondari niliyapata katika kambi ya wakimbizi ya Kala, karibu na Kawambwa. Nilirejea nyumbani 2008, na tangu wakati huo kazi yangu ni chaki na ubao.

Likizo juu ya maji

Katika likizo kubwa iliyopita, marafiki wanne tuliosoma pamoja kambini tuliamua kukutana na kupumzika juu ya maji. Wenye fedha zao hupanda meli kubwa za kitalii, wakazunguka bahari za kaskazini ya dunia wakitazama barafu na milima huku wakiletewa chai. Sisi tulichanga, tukakodi boti ya mbao yenye injini pale Nchelenge, tukanunua petroli, unga, majani ya chai na sukari, tukabeba na mablanketi. Maji yetu ya kaskazini yalikuwa haya ya kaskazini mwa Zambia, na tulipanga kuyazunguka kwa siku tano.

Kwa msomaji asiyelijua, Ziwa Mweru lina urefu wa karibu kilomita 130, na mpaka wa Zambia na Kongo unapita ndani yake. Mto Luapula unaingia kwa upande wa kusini, na Mto Luvua unatoka pale Pweto kuelekea bonde la Kongo. Nchelenge ni makao ya wilaya, na jirani yake Kashikishi ndiko lilipo soko kubwa la samaki. Asubuhi ya Julai baridi ni kali, ukungu hulala juu ya maji, na kina mama huanika chisense mchangani. Chisense ni samaki wadogo ambao Mtanzania akiwaona atasema ni dagaa.

Mbele ya Nchelenge kuna kisiwa kiitwacho Kilwa. Msomaji wa pwani asikichanganye na Kilwa Kisiwani, kwani hiki kiko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini. Jua linapotua nyuma ya milima ya upande wa Kongo, kisiwa hicho hugeuka cheusi na maji yote yanayokizunguka huwa mekundu. Tulikaa kimya tukitazama, na hata nahodha wetu, mzee wa Kashikishi tuliyemwita bashikulu, yaani babu kwa Kibemba, alizima injini bila kuombwa.

Wenzangu walikuwa mwalimu mmoja kama mimi, mfanyabiashara wa samaki, na dada mmoja muuguzi. Huyo dada aliolewa Zambia na hakurudi Kongo pamoja nasi. Nilikuwa nimebeba daftari lenye miaka na majina ya safari za Chuma, kwa kuwa ufukwe tuliokuwa tukiufuata ndio alioupita kwa miguu mwaka 1867. Kila jioni tulipovuta boti nchi kavu, niliwasimulia sehemu. Simulizi yenyewe ni hii.

Kutoka nyanda za Shire hadi Bombay

Chuma alikuwa Myao, aliyezaliwa karibu mwaka 1850 katika nchi ambayo leo ni kusini mwa Malawi na mipaka yake. Enzi hizo biashara ya watumwa ilikuwa imepamba moto kati ya Ziwa Nyasa na pwani, na watoto ndio waliokuwa rahisi zaidi kuchukuliwa.

Julai 1861, Livingstone na kundi la wamisionari wa Kianglikana wakiongozwa na Askofu Charles Mackenzie walikutana na msafara wa watumwa katika nyanda za juu za Shire. Mateka walikuwa wamefungwa kwa kamba, na wengine walikuwa na magogo yenye panda shingoni. Wachungaji wa msafara walikimbia, kamba zikakatwa, magogo yakageuzwa kuni za kupikia. Chuma, mtoto wa miaka kama 11, alikuwa miongoni mwa waliokombolewa katika siku hizo.

Waliokombolewa walipelekwa Magomero, ambako wamisionari walianzisha kituo. Maisha hayakuwa mepesi. Njaa na homa viliingia, Askofu Mackenzie mwenyewe alifariki Januari 1862, na baada ya muda mfupi misheni hiyo iliondoka bara na kuhamia Zanzibar. Watoto waliokuwa hawana pa kurudi walibaki mikononi mwa walezi wao.

Mwaka 1864 Livingstone alitaka kuiuza meli yake ndogo ya mvuke, Lady Nyassa, iliyotengenezwa kwa ajili ya ziwa, si bahari. Aliivusha yeye mwenyewe kutoka Zanzibar hadi Bombay, akaondoka Aprili 30 na kufika Juni 13. Mabaharia wake walikuwa Wazungu watatu, Waafrika saba wa eneo la Zambezi na vijana wawili, Chuma na mwenzake Wekotani. Susi alikuwa mmoja wa wale saba.

Hapo muuguzi wetu alicheka akasema kwamba kumbe Chuma naye alikuwa na safari yake ya meli na marafiki. Ni kweli, ila yake ilikuwa ya wiki zaidi ya sita, katika chombo kidogo, na upepo wa masika ukikaribia. Hakuna aliyewaletea chai.

Bombay, Chuma na Wekotani waliachwa katika shule ya Dk John Wilson wa Kanisa Huru la Uskoti. Susi na mwenzake Amoda walifanya kazi bandarini. Chuma alijifunza kusoma na Kiingereza, akabatizwa na kupewa jina la James. Kwa hiyo jina analojulikana nalo, James Chuma, nusu yake ni ya kwao na nusu ni ya uhamishoni. Sisi tuliosoma kambini tunaelewa. Cheti changu kina jina la kijiji nilikozaliwa na mhuri wa nchi nyingine.

Wekotani alibaki, Chuma aliendelea

Januari 1866 Livingstone alirudi Zanzibar kutoka Bombay, akiwa na Chuma, Wekotani, Susi, Amoda, vijana tisa wa shule ya Nasik na askari wa Kihindi. Zanzibar hapakuwa mbali na kwao tena. Machi mwaka huo waliteremka Mikindani, kusini mwa Tanzania ya leo, wakafuata bonde la Ruvuma kuelekea Ziwa Nyasa.

Walipofika upande wa kusini wa ziwa hilo, Wekotani alikutana na ndugu zake wa damu. Aliomba kubaki, akaachiwa. Chuma aliendelea na safari.

Hapa ndipo mjadala wetu ulipowaka botini. Rafiki yangu mfanyabiashara alisema Wekotani alikuwa na bahati, kwani mtu akishawapata ndugu zake anatafuta nini tena porini na Mzungu. Muuguzi alisema kwamba ndugu ni wale unaoshiriki nao maisha, na Chuma alishakuwa na ndugu wengine. Mwalimu mwenzangu aliuliza kama mtu aliyeuzwa katika nchi yake anaweza kulala usingizi katika nchi hiyo hiyo. Hatukukubaliana, na bashikulu alitukumbusha kwamba samaki anaungua.

Baada ya hapo safari ilizidi kuwa ngumu. Watu wa Anjouan waliokuwa katika msafara walitoroka, wakafika Zanzibar na kueneza uongo kwamba Livingstone ameuawa. Januari 1867 sanduku la dawa liliibwa, na kuanzia hapo kila homa ilipigwa vita kwa mikono mitupu.

Katika ufukwe wa Mweru

Novemba 8, 1867, msafara ulifika Ziwa Mweru. Chuma wakati huo alikuwa kijana wa miaka kama 17. Kutoka kaskazini walishuka na upande wa mashariki wa ziwa, wakapita ukanda ambao leo una wilaya za Chiengi na Nchelenge, wakavuka Mto Kalungwishi, wakaenda hadi makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa Luapula. Walifika kwake mwishoni mwa mwezi huo.

Ni vizuri msomaji ajue kwamba hawakuwa wakitembea katika pori lisilojulikana. Wareno walishafika kwa Kazembe tangu 1798, na wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu kutoka pwani walikuwa na nyumba zao huko. Mmoja wao, Muhammad bin Saleh, alikuwa amekaa miaka mingi bila kuruhusiwa kuondoka, na aliondoka pamoja na msafara wa Livingstone. Bila chakula, ulinzi na njia za wafanyabiashara hao, Livingstone aliyekuwa akiichukia biashara yao ya watumwa asingefika popote. Chuma, aliyewahi kuwa bidhaa ya biashara hiyo, alikula na kulala katika kambi zao. Tuliposoma historia tuligawiwa wema na wabaya kwa mafungu. Ufukwe wa Mweru mwaka 1867 walikula chungu kimoja.

Ufalme wenyewe ulikuwa na heshima yake na ukali wake. Wageni waliona watu waliokatwa masikio na mikono kwa adhabu ya mfalme. Ufalme huo upo hadi leo, makao yake yakiwa Mwansabombwe, barabara ya kutoka Mansa kuja Nchelenge, na kila Julai watu kutoka pande zote humiminika huko kwa sherehe ya Umutomboko, Mwata anapocheza ngoma ya ushindi.

Aprili 1868, wakiwa bado upande wa kaskazini wa Mweru, Livingstone alitaka kurudi kusini kwenda kulitafuta Ziwa Bangweulu. Watu wake walikuwa wamechoka. Karibu wote waligoma, akaondoka na watu watano tu, akalifikia ziwa hilo Julai. Aliporudi baadaye mwaka huo aliwapokea tena waliogoma.

Jambo hili huachwa katika vitabu vya shule kwa sababu linaharibu picha ya watumishi waliotii usiku na mchana. Mimi nalipenda. Linaonyesha kwamba watu wale walikuwa na akili zao na miguu yao, na waliweza kusema hapana. Uaminifu wa mtu anayeweza kukataa una uzito kuliko wa mtu asiye na njia nyingine.

Kifo cha Ilala

Miaka iliyofuata Chuma alifika Ujiji, akazunguka Manyema, na alikuwepo Ujiji Novemba 1871 Henry Morton Stanley alipomkuta Livingstone. Mwaka 1872, wakiwa Unyanyembe, karibu na Tabora, alioa. Mkewe, Ntaoeka, alikuwa amejiunga na msafara, na ndiye aliyemchagua Chuma miongoni mwa wanaume waliokuwapo. Kisha safari ya mwisho ikaanza Agosti mwaka huo, kuelekea tena Bangweulu.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Ilala. Watu kama sitini walijikuta porini katika msimu wa maji, bila kiongozi, na maiti ya mgeni mikononi. Wangeweza kuifukia na kutawanyika. Hakuna sheria ambayo ingewafuata.

Walikutana, wakawachagua Susi na Chuma kuwa viongozi, na wakaamua kumrudisha kwao. Mwanzoni walikificha kifo hicho kwa kuogopa matozo, lakini Chitambo alipopata habari aliongoza maombolezo. Moyo ulizikwa chini ya mti. Jacob Wainwright, kijana wa shule ya Nasik, alisoma ibada na kuchonga jina kwenye gome. Mwili ulitiwa chumvi, ukakaushwa juani kwa siku 14, ukafungwa kwa kitambaa na gome la mti, ukaning'inizwa kwenye mti wa kubebea.

Njia yao haikupita Mweru tena. Walizunguka Bangweulu kwa magharibi, wakavuka Luapula, wakaelekea kaskazini mashariki hadi kusini mwa Tanganyika, kisha Tabora. Ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita 1,600 na iliwachukua miezi tisa. Wengi waliugua, na baadhi walikufa. Wala haikuwa safari ya malaika. Katika kijiji cha Chawende waliingia kwa nguvu, na damu ilimwagika. Waliokufa pale nao walikuwa na ndugu zao.

Oktoba 1873 Chuma alitangulia Tabora, akamkuta Luteni Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron alishauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Afisa wa dola kubwa kuliko zote wakati ule alitoa shauri, na watu wasio na cheo wakashika uamuzi wao.

Mbele ya Tabora, wenyeji wa Kasekera hawakutaka maiti ipite. Basi viongozi wakatumia akili. Walifunga bua na vijiti kama maiti, wakalirudisha furushi hilo nyuma kana kwamba wamekubali kwenda kuzika Unyanyembe, na mwili wenyewe wakaufunga kama robota la nguo. Robota hilo lilipita bila swali.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Chuma alivuka kwenda Zanzibar kutoa taarifa kwa ubalozi wa Uingereza. Manowari ikauchukua mwili, wachukuzi wakalipwa mishahara yao, wakaambiwa waende. Aliyesafiri na mwili hadi Uingereza ni Jacob Wainwright peke yake. Aprili 18, 1874 Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London, na waliomfikisha pwani hawakuwepo.

Darasani Uingereza

Rafiki mmoja wa Livingstone, James Young, aliona si haki, akagharamia nauli ya Susi na Chuma. Walifika baada ya mazishi. Hata hivyo safari yao haikuwa bure.

Shajara za Livingstone zilikuwa zimeandikwa katika hali ya ugonjwa na uhaba wa karatasi. Mchungaji Horace Waller, aliyemjua Chuma tangu Magomero, alipewa kazi ya kuzihariri. Susi na Chuma walikaa naye Twywell, Northamptonshire, wakamweleza mito, vijiji, watu na siku ambazo karatasi hazikusema. Sura ya mwisho, ile ya kifo na safari ya kurudi, ni maneno yao yaliyoandikwa na mkono wa mwingine. Kitabu kilitoka mwishoni mwa 1874, na jina kwenye jalada likawa la Livingstone na Waller.

Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha Uingereza kiliwapa nishani. Chuma akarudi Zanzibar mwaka huo huo. Ndipo kitabu cha shule kinapomwacha, na ndipo sehemu ya maisha yake ninayoiheshimu zaidi inapoanza.

Kuwarudisha wengine

Chuma aliajiriwa na Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, UMCA, ile ile iliyomlea Magomero. Mwaka 1875 aliongoza msafara wa Askofu Edward Steere kutoka Lindi kwenda nchi ya Wayao. Mwaka uliofuata, 1876, waliondoka tena Zanzibar na kundi la watumwa waliokombolewa, wanaume, wanawake na watoto wa asili ya bara, waliotaka kurudi karibu na makwao upande wa Nyasa.

Hawakufika Nyasa. Walipofika Masasi waliona ardhi nzuri, maji na amani, wakaamua kujenga hapo. Ndivyo kituo cha Masasi kilivyoanza, na anayepita mji huo leo katika mkoa wa Mtwara anapita mahali palipojengwa na watu waliorejea.

Hebu mfikirie Chuma mbele ya msafara ule. Miaka 15 kabla, alitembezwa katika njia za nchi zile zile kama mali ya mtu. Sasa anaongoza waliokuwa mali ya watu kama yeye, akijua wapi pana maji, mtawala yupi anataka hongo ya kiasi gani, na mtoto gani amechoka.

Mwaka 1879 alikuwa mkuu wa wachukuzi katika msafara wa Chama cha Kijiografia ulioondoka Dar es Salaam Mei 19 chini ya Keith Johnston. Johnston alifariki mwezi uliofuata huko Behobeho, kaskazini mwa Mto Rufiji. Uongozi ukamwangukia Mskoti Joseph Thomson, mwenye miaka 21. Chuma hakuwa na haja ya kuambiwa la kufanya kiongozi akifa.

Msafara ule wa watu kama 150 ulifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ukaenda Tanganyika, ukarudi kwa njia ya Tabora, ukaingia Bagamoyo Julai 1880. Katika zama ambazo misafara iliacha makaburi kila kituo, vifo vya wachukuzi vilikuwa vichache mno, na vita hakuna. Sifa zilimwendea Thomson, lakini yeye mwenyewe hakuficha kwamba aliyewachagua watu, akawapanga na kuwatuliza ni Chuma. Mwaka 1881 walikwenda pamoja tena Ruvuma, safari hii kwa kutumwa na Sultani Barghash kutafuta makaa ya mawe.

Mwaka 1882 James Chuma alifariki Zanzibar kwa kifua kikuu, katika hospitali ya misheni. Alikuwa na umri wa miaka kama 32. Susi aliishi hadi 1891.

Je, alirudi kwao?

Hilo ndilo swali lililotushinda botini. Muuguzi wetu alishikilia kwamba Chuma hakurudi kwao hata siku moja. Alizaliwa karibu na Nyasa, akafia kisiwani Zanzibar, na katikati alipita kwao mara kadhaa akiwa kazini. Aliyasema hayo kwa utulivu, akitazama taa za Kashikishi, na sote tulijua anazungumzia nini. Kuna watu Pweto wanaomwona kama aliyetukimbia, ilhali wagonjwa wetu wanaovuka ziwa kutafuta matibabu hupokelewa naye na kuelezwa kwa lugha yao wameze kidonge kipi.

Nilimjibu kwamba mimi niliyerudi sijamzidi. Aliyebaki kwa ndugu kama Wekotani alitenda haki yake. Chuma alipewa shule, lugha na ujuzi wa njia akiwa ugenini, na vyote alivitumia kuwafikisha wengine walikotaka kufika: Livingstone kwao, watumwa waliokombolewa Masasi, wachukuzi 150 kwa wake zao wakiwa hai.

Jambo hili si la zamani tu. Mwaka 2017 Wakongo wengine walivuka kuingia Nchelenge kwa maelfu, wakapokelewa Kenani, kisha wakaanza kuhamishiwa makazi ya Mantapala mwaka 2018. Wapo watoto waliozaliwa huko ambao hawajaiona Kongo. Siku wakirudi, au wakiamua kubaki, watasikia yale tuliyoyasikia sisi: kwamba lafudhi yao ni ya kigeni, kwamba vyeti vyao ni vya kambini, kwamba waliishi kwa msaada.

Kwa hiyo nimebadilisha somo langu. Nikifika Bagamoyo Februari 1874 sifungi kitabu. Naandika ubaoni miaka minane iliyobaki, 1874 hadi 1882, naweka Masasi na Behobeho kwenye ramani, na nawauliza wanafunzi ni nani aliyekuwa kiongozi wa msafara. Wanaoinua mkono kwanza mara nyingi ni wale waliosoma upande wa pili wa ziwa.